Injini Iliyochoka: Tuitengeneze au Tuibadilishe?



Jumapili hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona halina mahali katika kipindi kama hiki, yaani injini ya gari. Hatuna nia ya kuzungumzia gari la tajiri wa mjini. Tunalifikiria lile gari moja ambalo parokia nyingi za vijijini zinalo, na ambalo likilala gerejini, mambo mengi hulala pamoja nalo: Misa za vigango, semina za makatekista, magunia ya mahindi ya sadaka ya mavuno, na mgonjwa ambaye usiku wa manane hana njia nyingine ya kufika hospitali. Gari hilo linapoanza kutoa moshi na kunywa oili, Halmashauri ya Walei huitwa. Na tumeona mara nyingi kwamba kikao cha namna hiyo huwagawanya waamini kuliko hata kikao cha kuchagua viongozi.

Swali linaloletwa mezani huwa ni lile lile. Je, tuifungue injini hii na kuitengeneza upya, au tuiondoe na kuweka nyingine? Ni swali la fundi, lakini ni swali la dhamiri pia, maana fedha itakayotumika ni sadaka, na humo imo shilingi ya mjane aliyeuza kuku wake. Fedha ya namna hiyo haitumiwi kwa kubahatisha.

Katekista mmoja kutoka nyanda kavu za kati mwa Tanzania alituandikia juu ya jambo hili. Gari la parokia yao, Land Cruiser ya miaka mingi, lilikuwa limesimama kwa majuma matano. Fundi wa kwanza alisema injini imekufa, inunuliwe nyingine. Fundi wa pili alisema ifunguliwe, ibadilishwe ringi, itarudi kama mpya. Wazee walisimama upande wa fundi wa pili, vijana upande wa wa kwanza, na Baba Paroko akabaki katikati. Katika majuma hayo matano, mama mmoja mja mzito alibebwa usiku juu ya baiskeli kutoka kigangoni hadi zahanati. Alifika salama, tunamshukuru Mungu, lakini tangu usiku ule watu walianza kulaumiana. Katekista alituuliza: ni upande upi wenye haki?

Tulimjibu kwa swali jingine. Tulimwuliza kama yupo mtu yeyote, katika majuma yote matano, aliyeipima injini hiyo. Akatujibu kwamba hakuna. Fundi wa kwanza aliuangalia moshi, na fundi wa pili aliisikiliza sauti.

Basi, wapendwa, hapa ndipo tunapotaka kukaa kwa muda mrefu kidogo, kwa kuwa tunaamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu huisha watu wakikubali kupima kabla ya kuhukumu.

Moshi husema jambo, lakini hausemi yote. Moshi wa buluu maana yake ni oili inayoungua. Oili hiyo yaweza kupita kwenye ringi zilizochakaa na silinda zilizolika, nayo ni habari mbaya. Lakini yaweza pia kuteremka kutoka juu, kupitia sili ndogo za mpira zilizo kwenye vali, ambazo hubadilishwa bila kuiondoa injini garini. Moshi mweupe waweza kuwa maji yanayoingia ndani kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua, au waweza kuwa dizeli isiyoungua vizuri asubuhi ya baridi kwa sababu nozeli zimechoka. Na moshi mweusi, ambao huwatisha watu kuliko wote, aghalabu ni dizeli nyingi iliyokutana na hewa kidogo. Dawa yake yaweza kuwa kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Mnaona basi jinsi ilivyo hatari kuhukumu kwa macho: parokia yaweza kununua injini nzima ilhali iliyohitajika ni chujio.

Kipimo cha kwanza ni kile ambacho mafundi wetu hukiita kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Dizeli huwaka kwa sababu hewa iliyobanwa sana na pistoni hupata joto kali. Hewa ikivuja, joto hupungua, na ndiyo sababu gari la dizeli lililochoka husumbua kuwaka alfajiri hata vijana wa kwaya wakaitwa kulisukuma. Fundi huchomoa nozeli, au zile plagi za kupasha joto, hufunga geji mahali pake, huizungusha injini kwa stata, na huandika tarakimu iliyoonekana. Hufanya hivyo silinda moja baada ya nyingine. Ni kazi ya saa chache tu.

Tuchukue mfano wa injini ambayo wengi wenu mnaijua kwa sauti hata kama hamuijui kwa jina. Ni ile iitwayo 1HZ, ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na ambayo imebeba mapadre, masista, wauguzi na wagonjwa katika nchi zetu kwa miaka mingi. Injini hiyo ikipimwa, fundi atawapa tarakimu 6. Zote 6 zikiwa zimeshuka pamoja, huo ni uchakavu wa umri, na injini nzima imechoka. Tano zikiwa nzuri na moja ikawa imeanguka, huo ni ugonjwa wa mahali pamoja: huenda vali moja imeungua au ringi moja imevunjika. Mbili zilizo jirani zikianguka pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi iliyoungua katikati yake. Ni magonjwa matatu tofauti yenye gharama tatu zinazoachana sana, na moshi wake waweza kufanana.

Kipo pia kipimo ambacho hata katekista aweza kukishuhudia bila chombo chochote. Injini ikiwa inanguruma, fungua taratibu kifuniko cha kutilia oili. Kama pumzi inayotoka ni kidogo, hamna shaka kubwa. Kama inapuliza kwa nguvu, pamoja na moshi, basi gesi ya moto inapita pembeni mwa pistoni na kushuka chini, mahali isipotakiwa kuwapo. Na ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukaiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, fahamu kwamba maji yameingia, na injini hiyo isiwashwe tena hata kwa safari ya karibu.

Vipimo hivyo vikionyesha uchakavu wa kweli, hapo ndipo injini hufunguliwa. Na hapa twaomba wajumbe wawili au watatu wa halmashauri wawepo. Lengo si kumshuku fundi. Kilicho muhimu ni kwamba baadaye waweze kuwaeleza waamini kwa kinywa chao wenyewe. Wamwombe fundi awaonyeshe sehemu ya juu kabisa ya ukuta wa silinda, pale ringi zisipofika. Wapitishe ukucha kutoka chini kwenda juu. Ukucha ukikwama kwenye kingo, kingo hiyo ndiyo tofauti kati ya chuma cha awali na chuma kilicholika. Kisha ije maikromita, kwa kuwa ukucha hautoi tarakimu. Silinda ya injini ile tuliyoitaja ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha milimita 94. Kitabu cha mtengenezaji huonyesha mwisho wa kulika unaoruhusiwa, na maikromita huonyesha tulipofika.

Vivyo hivyo na krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Ukiwa umelika au kukwaruzwa, hupelekwa karakana ya kuchonga vyuma, hupunguzwa kwa robo ya milimita au nusu ya milimita, kisha hufungwa beringi nene zaidi zilizotengenezwa kwa kipimo hicho. Silinda nazo huchongwa zikawa pana, mara nyingi kwa nusu ya milimita, zikawekewa pistoni za saizi ya juu. Lakini kila chuma kina mwisho wake. Injini iliyokwisha kuchongwa mara moja au mbili katika maisha yake yaweza kuwa haina tena nafasi, isipokuwa kwa kuwekewa slivu. Na bloku ikiwa imepasuka, au silinda hedi ikawa na ufa kati ya vali, hesabu yote hubadilika. Tarakimu hizi ziandikwe kwenye karatasi, na fundi atie sahihi. Karatasi hiyo ikiwekwa mezani, wazee na vijana watakuwa wanabishana na maikromita, na maikromita haina ukoo wala chama.

Tumesema wazee na vijana. Hebu tuseme wazi kinachowasukuma, kwa kuwa pande zote mbili zina moyo mwema. Mzee hupenda gari lile litengenezwe kwa sababu lilibeba mawe ya msingi wa kanisa na jeneza la padre wa kwanza. Kijana hutaka injini nyingine kwa sababu amechoka kuchekwa na vijana wa parokia ya jirani kila mara wanaposukuma gari mbele ya hadhara. Kumbukumbu ni kitu kitakatifu, na aibu ni kitu kinachouma. Hata hivyo hakuna kati ya hivyo kinachojua unene wa ringi. (Tumewahi kuliona gari lililopakwa rangi mpya kwa heshima ya ziara ya askofu, huku kila safari likinywa oili kama mgeni wa arusi. Rangi ilipendeza sana.)

Tuseme sasa kwamba vipimo vinaruhusu kutengeneza. Kutengeneza kupi? Neno moja hutumika kwa kazi mbili zilizo mbali kama mbingu na nchi, na hapa ndipo sadaka nyingi hupotea. Kuna kufungua injini, kutia ringi mpya na gasketi, na kufunga. Na kuna kufungua kila kitu, kupima kila kitu, kuchonga silinda na krenki, kuweka pistoni, ringi na beringi mpya, kukagua silinda hedi na vali zake, kubadilisha pampu ya oili ikihitajika, na kuosha kila njia ya oili ndani ya bloku.

Ile kazi ya kwanza ni rahisi, nayo ndiyo iliyopendekezwa na fundi wa pili katika barua tuliyoitaja. Inafaa pale tu silinda zinapokuwa bado ndani ya kipimo na ukuta wake ukafanyiwa mikwaruzo midogo inayopishana, ili ringi mpya zipate kukaa. Lakini silinda iliyolika haibaki duara. Huwa na umbo la yai, tena pana juu na nyembamba chini. Ringi mpya ni duara kamili. Ukiiweka ringi duara ndani ya tundu la umbo la yai, itagusa huku na kuacha pengo kule, na baada ya miezi michache moshi utarudi. Halmashauri itaitwa tena, na safari hii watakaolaumiwa ni wale waliotetea kutengeneza, ilhali injini haikutengenezwa kamwe.

Kwa hiyo, kama mnaamua kutengeneza, tengenezeni kikamilifu au msianze. Mkubaliane na fundi kwa maandishi ni vipuri gani vitabadilishwa, vya aina gani, na nani atavinunua. Vipuri vya zamani vyote virudishwe parokiani ndani ya sanduku: pistoni za zamani, ringi za zamani, beringi za zamani. Fundi mwaminifu hafichi sanduku hilo. Injini isifungwe chini ya mwembe upepo wa mchana ukivuma, kwa kuwa chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na chembe zikifungiwa ndani zitaanza kusaga siku hiyo hiyo. Bolti za silinda hedi zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu na kwa utaratibu wa kitabu, katikati kwanza na pembeni baadaye. Fundi akisema mkono wake unatosha kuwa kipimo, mtafuteni mwingine, kwa upole.

Upande wa pili ni kubadilisha. Injini mpya kabisa kutoka kwa mtengenezaji ni jambo jema, lakini bei yake huzidi uwezo wa parokia nyingi, na hatutakaa hapo. Kinachozungumzwa kwenye vikao vyetu kwa kawaida ni injini iliyokwisha kutumika, inayoshuka kwenye makontena Dar es Salaam au Mombasa na kuuzwa Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi. Watu husema, "Ni ya Japani," kana kwamba neno hilo ni cheti cha afya. Ni kweli kwamba Japani ina ukaguzi mkali wa magari wa mara kwa mara wenye gharama kubwa, na kwamba wengi huuza magari yao yakiwa bado na nguvu. Lakini tuwe waangalifu. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ziliacha kuuzwa Japani mwaka 2004. Kwa hiyo injini ya namna hiyo iliyotoka kwenye gari la huko ina umri wa zaidi ya miaka 20, hata ikiwa imeoshwa ikang'aa. Pengine ilitembea kidogo, pengine ilichemka hadi ikapinda hedi. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui, na gari lililokuwa nayo halipo tena ili liulizwe.

Je, tunasema isinunuliwe? Hapana. Tunasema ipimwe kama ile ya kwanza ilivyopimwa. Geji ile ile ya kompresheni iende dukani. Kifuniko cha juu kifunguliwe. Oili iliyoganda kama lami inaeleza habari za mwenye gari asiyebadilisha oili. Tundu za maji zitazamwe kama zina kutu nyingi. Namba ya injini iwe wazi, isiyo na dalili ya kusuguliwa, na risiti iitaje namba hiyo pamoja na siku za dhamana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayewaharakisha na kukataa geji amekwisha kuwajibu.

Na kuna jambo la sheria ambalo husahauliwa. Kwa Tanzania, kadi ya gari huonyesha namba ya chasi na namba ya injini pia. Injini ikibadilishwa, Mamlaka ya Mapato iarifiwe ili kadi irekebishwe. Gari la parokia lililosimamishwa barabarani likiwa na injini isiyolingana na kadi huleta maswali, na dereva atayajibu peke yake huku mgonjwa akiwa nyuma.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu, wala si bei za sokoni. Tuseme kutengeneza kikamilifu kunagharimu shilingi 8,000,000, na injini iliyotengenezwa vizuri itakwenda kilomita 200,000. Kila kilomita itakuwa imegharimu shilingi 40. Tuseme injini iliyotumika inagharimu shilingi 6,000,000, na itakwenda kilomita 80,000. Kila kilomita itakuwa imegharimu shilingi 75. Kikaoni ile ya milioni 6 ilionekana rahisi. Lakini msiharakishe kushangilia. Ikiwa chasi ya gari imeliwa na kutu, na mnajua kwamba baada ya miaka 3 gari lenyewe litaondoka, na kwa mwaka linatembea kilomita 20,000, basi mtatumia kilomita 60,000 tu. Kutengeneza kutakuwa kumewagharimu shilingi 133 kwa kilomita, na kubadilisha shilingi 100. Jibu limegeuka, ingawa bei ni zile zile. Ndiyo maana hatuwezi kumjibu katekista wetu kwa neno moja kutoka hapa studioni: hatujaiona chasi yake.

Yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara alitakiwa kuketi kwanza. Twapenda neno hilo, kuketi. Maana yake ni kwamba hesabu haifanywi kwa kusimama mlangoni huku fundi akidai malipo ya awali. Na kwa parokia nyingine, baada ya kuketi, hesabu itaonyesha njia ya tatu ambayo wazee na vijana wote hawakuitaja: gari liuzwe kama lilivyo, na kwa muda parokia ikodi usafiri au ishirikiane na jirani. Si njia ya kuonea haya.

Lakini kabla ya kununua hata ringi moja, kuna swali ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote, nalo ni hili: injini ya kwanza iliuawa na nini? Injini nyingi hazifi kwa uzee. Huuliwa. Katika nyanda zile kavu muuaji mkubwa ni vumbi, linaloingia kupitia kichujio cha hewa kilichotoboka, au kupitia bomba la mpira lililopasuka nyuma ya kichujio, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Kwingine muuaji ni joto: rejeta iliyoziba, kifuniko chake kisichoshika, themostati iliyoondolewa na mtu aliyedhani anaisaidia injini. Kwingine ni oili iliyoongezwa kila juma bila kubadilishwa kamwe, au mkanda wa taiming uliopitiliza muda wake hata ukakatika, vali zikagonga pistoni. Kwenye Land Cruiser zile kuna taa ya dashibodi inayowaka kila kilomita 100,000 kukumbusha juu ya mkanda huo. Tumesikia juu ya taa zilizobandikwa plasta ili zisimsumbue dereva.

Muuaji asipojulikana, ataipokea injini mpya mlangoni. Atakuwa amekaa pale pale, ndani ya rejeta ile ile na bomba lile lile, na haitajalisha kama mlitengeneza au mlibadilisha. Fundi yeyote anayewapa bei ya injini bila kutaja rejeta na njia ya hewa, bei yake haijakamilika.

Mnaukumbuka ule mtini ambao kwa miaka mitatu haukuzaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe, na mtunza shamba akaombea mwaka mmoja. Watu wengi hukumbuka huruma ya mtunza shamba na kusahau mambo mengine mawili. Kwanza, hakusema kwamba mti ni mzuri, wala hakumhadithia bwana wake jinsi ulivyokuwa zamani. Alisema atachimba kuuzunguka na kutia mbolea. Alikuwa na kazi mkononi, na kazi hiyo ilikuwa kwenye udongo, kando ya mti. Pili, aliweka muda, akakubali kwamba muda huo ukipita bila tunda, shoka lije. Mjumbe anayesimama kikaoni kuiombea injini ya zamani na aseme kama mtunza shamba yule: atafanya nini, kwa gharama gani, na ni siku gani atakubali kwamba imeshindikana.

Naye anayetaka mpya aulizwe maswali hayo hayo.

Limebaki jambo la kilomita za mwanzo. Injini iliyotoka kutengenezwa ina vyuma ambavyo bado havijazoeana. Kwa kilomita 1,000 za kwanza isibebeshwe mzigo mzito, isiendeshwe kwa kasi moja kwa saa nyingi, na isivutishwe gari jingine. Kisha oili na kichujio chake vibadilishwe mapema, kwa maana oili ile ya kwanza imebeba vumbi la chuma. Tunajua ugumu wake. Gari limesimama majuma matano, na siku linapotoka gerejini kuna arusi tatu, mahindi ya kigango, na wanakwaya 30 wanaosubiri kwenda tamasha. Baba Paroko atahitaji msaada wenu kukataa. Akina mama wa WAWATA, ambao mara nyingi ndio waliochanga sehemu kubwa ya fedha, wanayo haki ya kusimama kando yake na kusema hapana. Mgonjwa apandishwe, naye dereva aende taratibu. Mahindi yatasubiri trekta.

Na liwepo daftari. Katekista wetu aliuliza mwishoni mwa barua yake kama daftari la gari likae ofisini kwa Baba Paroko au nyumbani kwa mwenyekiti. Sisi tungependa likae ndani ya gari, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila asubuhi dereva aandike usawa wa oili na wa maji kabla ya kuwasha, na kila Jumamosi mjumbe mmoja aitazame orodha hiyo na kutia sahihi. Kwenye ukurasa wa kwanza ibandikwe ile karatasi ya vipimo yenye sahihi ya fundi, na chini yake iandikwe namba ya kilomita iliyosomeka kwenye dashibodi siku injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza.